Mifuko ya Chini

Kazini walimwita Bi Taa, naye hakukasirika. Chumba chake katika benki ya damu kilikuwa na meza moja na mtambo wa taa nyekundu, feni zake zikinguruma kutwa. Alitia dawa ya buluu katika mifuko ya plazma, yale majimaji ya damu wanayoongezewa wagonjwa, akailaza chini ya taa mmoja mmoja, kisha akaichuja ile buluu.

Siku wakwe watarajiwa wa mdogo wake wa kiume walipokuja kujitambulisha, alikuwa na haraka. Mdogo wake alikwisha kutamba kwao kwamba dada yake ndiye mlinzi wa damu ya mji mzima. Bi Taa akapandanisha mifuko miwili miwili chini ya taa, akamaliza mapema, akakimbilia nyumbani kuvaa.

Sebuleni, baba wa mchumba akamuuliza, "Mwanangu, hiyo taa inauaje virusi?"

"Baba, dawa hujishikiza kwenye kirusi. Mwanga ukiipiga, huichachamaza oksijeni iliyo karibu, nayo huziharibu chembe za urithi za kirusi. Basi hakiwezi tena kuzaliana. Mwanga usipofika, dawa ile ni rangi tu..."

Mifuko ya chini ilikuwa kivulini. Na buluu ilikwisha kuchujwa: yote sasa ilifanana.

Akasimama. "Mniwie radhi. Kuna mifuko haikupata mwanga. Nimekosea mimi."

Mdogo wake akamfuata mlangoni, meno yameumana. "Dada, umechagua siku ya leo kunivua nguo? Si ungesema umesahau simu!"

"Na mgonjwa nimwambie nimesahau simu?"

Mifuko ikazuiwa kabla haijatoka, ikateketezwa yote. Mkuu wake hakumshukuru. Alimwambia avue koti jeupe, akalitundike. Alivua. Hakulitundika.

Ndoa ilifungwa. Picha ikapigwa, mashangazi, mashemeji na hata jirani mpenda picha wakajaa mbele. Aliyeulizia dada wa bwana harusi alijibiwa kwamba yuko safarini.

Hakuwa safarini. Alikuwa chumbani kwake, mitaa miwili kutoka pale, akilipiga pasi koti ambalo hakuna aliyelidai. Ukoo ule ulikuwa na mtu mmoja wa kujivunia, nao ukamficha kama ufa wa ukutani.