Swali la Fundi wa Kanzu

Nakumbuka, mwanangu, mwaka wa tisini na kitu, sauti ya babangu ilipoanza kukauka. Alikuwa fundi wa kanzu pale Biashara Street, mtu wa maswali mengi. Tulimpa tangawizi na asali, wapi! Picha za hospitali zikaonyesha tatizo si koo. Mshipa mkuu wa damu, pale unapopinda juu ya moyo, ulikuwa umevimba, ukabana neva ya sauti. Ukipasuka, tukaambiwa, ndiyo basi.

Nikamsindikiza India, maana mimi ndiye niliyejua Kiingereza, nami nilijiona kwa hilo.

Daktari mpasuaji alituchorea ule mshipa, akatoa bomba la kitambaa lenye waya ndani. Likishaingizwa mshipani hutanuka, damu ikapita humo bila kuugusa uvimbe. Baba akalishika, akaupapasa mshono, akaninong'oneza kwa kukwaruza.

"Amesema nini?" akauliza daktari.

"Anashukuru tu," nikajibu. Niliona haya. Fundi wa cherehani amhoji daktari?

"Shukrani ndefu hivyo? Mwili ni wake. Niambie yote."

Nikatafsiri, uso ukiniwaka: "Anasema kanzu ina mikono. Hapa umechora matawi ya kupeleka damu kichwani. Bomba hili halina mikono, halitayaziba?"

Daktari akasogeza kiti karibu na Baba, si karibu nami. "Hilo ndilo ninaloliogopa," akasema. Angefungua kifua, ashone pale mshipa unapopinda kitambaa chenye matawi, na bomba la waya lishuke chini yake. Damu ingesimamishwa kwa muda, na huenda Baba akaamka hajui hata jina lake.

Hatari hiyo, mwanangu, daktari alikuwa ameshaitaja asubuhi. Mimi sikuitafsiri. Nilidhani namlinda. Sasa nikamweleza Baba yote, pamoja na hilo nililoficha.

Baba akamwambia daktari, "Shona."

Aliamka siku ya tatu, akaniita jina langu. Akasema, "Usinichagulie tena la kusikia." Sauti haikurudi kama zamani, lakini alishona kanzu miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo nakuusia: mgonjwa wako akiuliza, lifikishe swali lake lilivyo, na jibu mrudishie lilivyo, hata likikuchoma ulimi. Nawe ukiugua, uliza. Mola akupe afya, akupe na watu watakaokwambia ukweli kwa upole. Amina.