Mbwa Aliyejua Kunitazama

Nikisema nilimpeleka mbwa wangu kufundishwa kwa sababu nilimpenda, nitakuwa nadanganya. Nilimpeleka kwa sababu mdogo wangu alimpeleka wa kwake.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kilipoanza kuuzwa na kila mtu akawa mfanyabiashara. Mwanza, viwanda vya minofu vilikuwa vinachipuka ufukweni, na aliyekuwa karibu na sangara alijenga. Mume wa mdogo wangu alikuwa karibu na sangara. Aliwakusanya kutoka kwa wavuvi na kuwapeleka kiwandani, na kabla hatujakaa sawa walikuwa na nyumba kwenye mwinuko kule Ilemela, yenye ukuta, geti la chuma na dishi juu ya bati. Mdogo wangu akajifunza kuendesha pikapu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, tumepanga vyumba viwili Pasiansi, nyuma ya jiwe kubwa lililotunyima jua mpaka saa nne asubuhi.

Nataka nieleweke. Mdogo wangu hakuwahi kunikosea, na hilo ndilo lililokuwa likiniuma. Angekuwa na maringo ningepata pa kushika. Lakini alikuwa anakuja na kreti la soda, anavua viatu mlangoni, anakaa kwenye kigoda jikoni kwangu na kuchambua mchele huku akinisifia chai. Akishaondoka nilikuwa naosha vikombe kwa nguvu mpaka mume wangu anauliza nimegombana na nani.

Baba yetu alikuwa bado hai, anaishi Usagara na mbuzi wake. Vijana wa pale nyumbani walikuwa wameondoka, huyu kwenda kwenye machimbo ya dhahabu, yule kwenye samaki, na miguu ya baba haikuweza tena kukimbizana na mbuzi. Aliyemsaidia alikuwa mbwa wake jike. Mbuzi wakielekea kwenye mihogo ya jirani, yule mbwa alizunguka kwa mbali na kuwarudisha bila kelele. Naye alishazeeka. Mwaka huo alizaa, fisi wakachukua watoto wote ila wawili, mmoja mweusi na mmoja wa kahawia mwenye kifua cheupe. Tulipokwenda kula Krismasi, baba akatupa mmoja mmoja.

"Mnilelee hawa mpaka Krismasi ijayo," alisema. "Hapa fisi watawamaliza. Atakayefaa kwa mbuzi nitabaki naye. Mwingine mtarudi naye mjini akawabwekee."

Kwa mtu mwingine hayo yalikuwa maneno ya mzee na mbwa wake. Mimi niliyasikia vingine. Nilipofaulu kwenda chuo cha ualimu, baba alisema, "Vizuri." Mdogo wangu alipoposwa, alichinja dume la ng'ombe na kuimba mwenyewe. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, nina watoto watatu, na bado nilitaka siku moja mzee yule aninyooshee mimi kidole na kusema, cha huyu ndicho nitakachobaki nacho. Kwa hiyo nilimbeba yule wa kahawia kwenye kapu hadi Pasiansi kama nimebeba yai.

Wakakua. Wa mdogo wangu alikula mabaki ya minofu, akang'aa manyoya. Wangu alikula ugali na vumbi la dagaa, naye alikua, lakini kila nilipomtazama nilikuwa namwona yule mweusi.

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa nilikuwa nafua uani, pikapu ikapita chini kuelekea uwanja wa mpira ulio karibu na ziwa. Nyuma yake alikuwa amesimama mbwa mweusi mwenye mkanda wa ngozi shingoni. Niliacha nguo kwenye beseni na povu lake, nikaifuata kwa miguu.

Uwanjani palikuwa na watu kama kumi na mbwa wao, wengi mbwa wakubwa wa kizungu wenye masikio yaliyosimama, mali ya matajiri wapya wa samaki. Katikati alisimama mzee mmoja mkakamavu mwenye filimbi, askari mstaafu aliyewahi kufanya kazi na mbwa wa polisi. Sasa alikuwa amepigilia kibao kwenye mti: MAFUNZO YA MBWA, JUMAMOSI NANE.

"Dada!" mdogo wangu akanikimbilia. "Nilikuwa nakuja kwako sasa hivi nikwambie. Kamlete na wako."

Sikumwamini. Roho ya kwa nini ikishakukaa, hata mwaliko unauona ni jeuri. Nilirudi nyumbani nikamfunga mbwa wangu kwa kamba ya katani, nikarudi naye mbio.

Yule askari alikuwa na utaratibu wake. Hakumpokea mbwa kabla ya kumhoji mwenye mbwa.

"Shikamoo," nilimwambia.

"Marahaba, mwalimu. Huyu atafanya kazi gani?"

"Kama ya yule," nikamwonyesha yule mweusi.

Alinitazama kidogo. "Watu wengi wanachagua darasa kwa kumchungulia jirani, halafu wananilaumu. Kuna mbwa wa geti, kuna mbwa wa kutembea na mtu, kuna mbwa wa mifugo, na huyo wa mifugo mimi simfundishi. Hata yule dada mwenyewe bado hajanijibu. Kasema anakwenda kuulizia kwanza."

"Basi na mimi nitakujibu baadaye."

"Haya. Aanze na utii wakati unafikiri."

Somo la kwanza la utii lilikuwa kutazama. Unashika dagaa karibu na jicho lako, unasema "Nitazame," na mbwa akikukazia macho anampata. Mbwa wangu hakuona maana yake. Alitazama yangeyange, alitazama watoto wanaocheza mpira, na zaidi ya vyote alitazama mbuzi wa watu waliokuwa wanakula majani pembezoni mwa uwanja. Alikuwa ananyemelea kwa tumbo, anataka kuwazunguka. Nami namvuta kamba.

"Jicho lake linapenda kundi," alisema yule askari Jumamosi ya pili. Watu wakacheka. Mbwa wa mdogo wangu alikuwa amekaa kimya, mkanda wake unameta. Niliona aibu imenipanda hadi masikioni, nikamkaripia mnyama asiye na kosa.

Jumamosi ya tatu mdogo wangu hakutokea.

"Yule dada vipi?" niliuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Nimemshauri vingine," alisema askari. "Mbwa wake hili si darasa lake."

Jamani, nilifurahi. Ni vibaya, lakini niliahidi kusema kweli. Mbwa wa minofu na mkanda wa ngozi kashindwa! Sikuuliza kamshauri nini. Mwenye kijicho haulizi swali ambalo jibu lake linaweza kumharibia sherehe.

"Na wewe, mwalimu, hujanijibu. Kazi yake nini?"

Palepale pembeni yangu alikuwa amesimama mama mmoja mwenye mbwa wa kizungu aliyeletwa kwa ndege. Nitamke mbuzi mbele yake?

"Ulinzi wa nyumba," nikasema.

"Kama ni nyumba, tuendelee."

Tukaendelea. Nilijifunga kibwebwe kwa ajili ya mbwa yule kuliko nilivyowahi kufanya kwa ajili ya mitihani ya wanafunzi wangu. Asubuhi kabla ya kengele, jioni kabla ya kupika: nitazame, kaa, nitazame. Mifuko yangu ilinuka dagaa mpaka darasa la pili wakanipa jina, wakidhani silijui. Mdogo wangu alikuja kubisha hodi Jumapili mbili katika muda huo. Mara zote mbili nilimwambia binti yangu aseme mama amelala. Nilijiambia simkwepi, namwonea huruma tu, sitaki anione nimeshinda kabla ya siku yenyewe. Kumbe nilikuwa naogopa kwamba akikaa kwenye kile kigoda na kunisifia mbwa, ushindi wangu ungekosa ladha.

Jumamosi ya nane ilikuwa ya maonyesho. Mbwa wa kizungu walikaa, wakalala, wakamrukia mtu aliyejifunga magunia mkononi. Ikafika zamu yetu. Kwa bahati, wale mbuzi wa pembezoni wakakatiza katikati ya uwanja, mmoja nyuma ya mwingine. Mbwa wa yule mama wa ndege akawabwekea. Wangu alikaa wima, macho usoni pangu, mbuzi wakapita karibu kumgusa mkia, hakupepesa. Watu wakapiga makofi. Yule askari akanishika mkono.

"Kwa nyumba, huyu amefaa," alisema.

Nilisikia "amefaa" tu. Nilimnunulia mbwa mkanda mwekundu sokoni, nikamvalisha Krismasi ilipofika, siku ya kwenda Usagara na binti yangu.

Mdogo wangu alikuwa ametangulia, amejifunga khanga, anakuna nazi ambazo yeye mwenyewe ndiye aliyezileta. Mbwa wake alikuwa amelala kivulini, amekonda kidogo, manyoya yana vumbi, shingoni hana hata uzi. Nilimwonea huruma kwa raha zangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Ahaa, na huyu ndiye wako? Amependeza kama bwana harusi."

Jioni, jua limepungua, baba akatufungulia mbuzi wakanywe maji. Kati ya zizi na kisima kuna shamba la mihogo la jirani, na kila mbuzi wa kundi lile anajua hivyo.

"Tuanze na wa mkubwa," alisema baba.

Nilitembea na mbwa wangu hadi mbele, kifua mbele wote wawili. Nikamwambia akae, akakaa. Nikamwambia anitazame, akanitazama, na baba akaguna kwa kupendezwa. Nilisikia ule mguno mpaka kwenye nyayo. Kisha mbuzi dume akakata kona kuelekea mihogoni, wengine nyuma yake.

Baba akapiga mluzi, uleule aliompigia mama wa mbwa hawa.

Mbwa wangu akanitazama.

"Nenda," nikamwambia. "Nenda, wale!" Nikanyoosha mkono. Alikaa wima zaidi, akatuliza masikio, akanikazia macho yale yale yaliyopigiwa makofi Pasiansi. Nikamsukuma kwa mguu. Alisogea hatua moja, akageuka, akakaa tena akisubiri dagaa wake. Nyuma yake mbuzi walikuwa wameshaanza kuvunja mihogo, na nilimsikia jirani anapiga kelele.

Sikuona mweusi alipoondoka. Nilimwona tu tayari yuko upande wa pili wa shamba, tumbo chini, anawakunja mbuzi kwa kuwazunguka, bila kubweka, mpaka dume likageuka na wote wakageuka. Aliwaleta hadi kisimani. Baba alicheka hadi akakohoa, akapiga paja, akasema mama yake amerudi.

"Umemfundisha wapi?" nilimuuliza mdogo wangu.

"Si nilikuja kumuuliza baba kwanza, dada? Nikamuuliza, mbuzi wako unataka wafanyiwe nini hasa. Nikamwambia yule askari, akasema hapana, huku utamharibu, mpeleke kwa mzee mmoja pale njia panda, anapeleka mbuzi mnadani. Nilimwacha kwake wiki tano." Akajifunga khanga vizuri. "Nilikuja kwako mara mbili nikwambie tuwapeleke wote. Mtoto akasema umelala."

Binti yangu alikuwa amesimama pale pale, akatazama miguu yake kwa niaba yangu.

Baba aliinama kwa taabu, akampapasa mbwa wangu kichwani, akauzungusha ule mkanda mwekundu.

"Huyu naye mzuri," alisema. "Mtiifu. Ila amefundishwa kumtazama mtu. Sasa anayeshinda anamtazama mtu, mbuzi atawaona saa ngapi?"

Alikuwa anamsema mbwa. Baba hakuwa mtu wa mafumbo, na mpaka anakufa hakujua alichokuwa ameniambia. Lakini nilihisi uso wangu unawaka, nikasema naenda kuomba radhi kwa jirani mwenye mihogo, na nilikaa huko muda mrefu kuliko radhi ilivyohitaji.

Tulirudi mjini na pikapu. Mweusi alibaki Usagara. Wangu alipandishwa nyuma, binti yangu akaketi naye, mimi nikakaa mbele na mdogo wangu. Aliendesha taratibu kwa sababu ya mashimo. Aliniuliza kama nimechoka, nikasema kidogo. Akasema mbwa wangu ni mzuri kweli, angependa nimfundishie na yeye mmoja wa getini, na najua alikuwa anasema kutoka moyoni.

Nilijiambia basi, imetosha. Nikaapa kimoyomoyo, kabisa, kwamba kuanzia barabara ile nitashughulika na vya kwangu. Nikageuka kumwangalia binti yangu kupitia kioo cha nyuma. Mbwa alikuwa amekaa wima kwenye mtikisiko wote ule, macho usoni pangu, hajali ng'ombe wanaovuka wala mashamba. Nikampungia mkono, nikageuka mbele.

Mdogo wangu akabadilisha gia. Mkononi alikuwa na bangili ambayo sikuwa nimewahi kuiona, na sikuiondolea macho mpaka tukafika Pasiansi.