Mama Akinyi, aliyevalisha watu nguo za bahari akiwa Ngara

Mimi sijakubali. Watu wananipigia simu, pole, pole, na mimi nawauliza, pole ya nini? Mama Akinyi, niliyeuza naye nguo katika kibanda kimoja hapa Ngara, Nairobi, amekufa Jumanne kwa nimonia, na asubuhi bado nampangusia kiti.

Mnaonisoma humu wengi mlimjua kama shosho, yule nyanya wa nguo za mpira. Zile nyeusi za kubana mwili, ambazo wanaoteleza na mbao juu ya mawimbi huvaa ili maji yasiwagandishe. Ndiyo, tuliziuza Ngara. Mnacheka nini?

Zilikuja na mtumba. Bale, lile robota la nguo, unanunua limefungwa, huoni ndani. Sisi tulingoja makoti. Kukata kamba, mpira mtupu! Mimi nililia. Yeye akavuta moja, akainusa, akasema, "Mama Njoki, hii mtu aliishona na akili. Kuna mwenye anaitafuta."

Zilikuwa na namba: 3/2, 4/3, 5/4. Tukasema ni miaka ya watoto! Tukazipanga pamoja na rompa za watoto wachanga. Mama mmoja akainua ya 3/2, miguu ikamfika chini, akatuangalia kama wazimu.

Kastoma ndiye alitueleza. Namba ya kwanza ni unene wa mpira, kwa milimita, kifuani na mgongoni, ya pili ni mikononi na miguuni.

Basi tukaamua nene ndiyo nzuri, kama blanketi. Mama Akinyi akamuuzia msichana 5/4 aende nayo Malindi mwezi wa tatu, na maji huko wakati huo ni vuguvugu kama ya kuogesha mtoto. Alirudi na vipele shingoni. "Shosho, ulinichemsha kama githeri!"

Tangu hapo hununui bila kuhojiwa kama uko polisi. Bahari gani? Mwezi gani? Ukisema Pwani yetu wakati wa joto, anakwambia vaa fulana ya kuzuia jua, weka pesa yako. Julai na Agosti, upepo ukiwa mwingi, anakupa nyembamba ya mikono mifupi.

Kijana wa Kitisuru alikuja, anaenda Cape Town Desemba. "Nipe nyepesi, shosho. Huko Desemba ni jua kali."

"Jua liko juu, wewe unaingia chini," akamjibu. Kastoma mwingine alikuwa amerudi kutoka huko midomo bluu, akamweleza Mama Akinyi kwamba upepo wa wakati wa joto ndio huleta maji ya baridi kutoka kilindini. Basi akamwambia kijana, "Chukua 4/3 ama uende."

Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Kastoma anaenda, wewe mama! Hakujali. Alimvalisha kijana karatasi ya nailoni mguuni ili mpira uteleze, akamvuta mpaka akatoa jasho. Kijana akanunua.

Sasa hapa ndipo nina hasira.

Julai hii mlijionea baridi ya Nairobi. Yeye alikaa hapo na blauzi na leso mabegani, akikohoa.

"Vaa koti, Mama Akinyi."

"Nikivaa koti nitafanya kazi na mikono gani?"

"Basi twende hospitali."

"Wacha maneno. Ni vumbi la mtumba."

Nilimtukana mbele ya kastoma. Akacheka, akakohoa, akacheka tena. Na nyinyi mliokuwa mmesimama hapo mkisema "shosho ako tu sawa", nina maneno na nyinyi pia. Alivisha watoto wa watu wote, mkamwacha hivyo.

Wakati alikubali kwenda, daktari alisema mapafu yote mawili yameshikwa.

Jana tulienda kumvalisha, mimi na mabinti zake. Wameleta gauni nyeupe ya lesi, nyepesi kama pazia! Nikasema hapana. Nikaenda kwangu Uthiru, nikarudi na nguo yangu ya sufu ya kanisa, ile ya bitana.

Akinyi, bintiye ambaye huniita nyanya kwa Kikuyu, akaniambia polepole, "Cucu, lakini sasa hasikii baridi."

Nikamwambia, nyamaza, shika huo mkono.

Mkaidi wewe, Mama Akinyi. Nilikufunga vifungo vyote mpaka shingoni na hukunibishia hata kimoja. Ningependa unibishie.

Lala, rafiki yangu. Lala vizuri.