Nililidaka Jembe Kwanza

Wanafunzi wangu wa yoga hapa Iringa wananisifu kwa upole wangu. Wengi ni wauguzi na walimu, na yupo dereva mmoja wa malori ya mbao wa Mafinga ambaye kiuno kilimstaafisha mapema. "Mwili ukikataa, usiulazimishe," nawaambia, nao wanatikisa vichwa kama waliosikia hekima. Sikuisoma popote. Niliipata kwa kumvunja mtu mgongo.

Nilikuwa mcheza ngoma. Wazazi wetu walihamia Usangu na ng'ombe wao kutoka Usukumani, wakaja na ngoma zao pia. Kila baada ya mavuno ya mpunga, vikundi viwili vilishindana karibu na Igawa, uwanja mmoja na wakati mmoja. Hakukuwa na jaji. Watazamaji walihama tu kufuata utamu, na kikundi kilichobaki nao ndicho kilichoshinda. Kila upande ulikuwa na dawa yake ya kuvuta watu, wala hakuna aliyeficha.

Mimi niliongoza wasichana wa kikundi chetu, na mdomo nilikuwa nao. Rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza ndiye aliyekuwa nguzo. Alijikunja kinyumenyume mpaka viganja vikagusa chini, nami nikapanda juu ya tumbo lake, nikasimama, nikarusha jembe na kulidaka. Kikundi cha upande wa pili kiliongozwa na mjomba wake, kaka wa mama yake.

Asubuhi ya mashindano yetu ya mwisho, tukiwa tunavaa, aliniambia, "Leo mgongo unaniuma. Ile ya kupanda tuiache."

"Jikaze," nikamjibu. "Mjomba wako atatucheka mpaka mwakani."

Akajikaza. Siku zote nilipanda kwa hatua, mguu mmoja kisha mwingine. Siku ile niliona watu wameanza kuhamia kwa mjomba, nikaruka. Watazamaji walidhani ndivyo tulivyofanya mazoezi, na yeye, kichwa chini, hakuona. Nilihisi kitu kikiachia chini ya nyayo zangu. Naona haya kuliandika hili, lakini nililidaka jembe kwanza, ndipo nikatazama chini.

Kabla hajabebwa kutoka uwanjani, watu walishapata jibu: dawa ya mjomba. Hata maumivu ya asubuhi yakahesabiwa kuwa dawa ilikuwa imeanza kazi. Mama yake akatangaza mbele za watu kwamba hana kaka tena. Wakaniuliza mimi niliyekuwa karibu nimeona nini, nikasema sijaona kitu. Nilikuwa na miaka ishirini, na uchawi ulinifaa.

Kikundi kilisambaratika. Nikaenda kufua mashuka kwenye nyumba moja ya wageni kule Idodi, barabara ya kwenda mbugani. Mgeni mmoja aliyekaa miezi mingi alikuwa akifanya yoga barazani kila asubuhi. Nilimwiga nikianika mashuka, akaniona, akaniita. Siku ya kwanza aliponigusa mgongo kunionyesha jinsi ya kuushusha taratibu, nililia. Alidhani ameniumiza, akaomba radhi. Nilizipokea, ingawa hizo nazo hazikuwa haki yangu.

Nikasomea, nikapata cheti, nikakodi ukumbi mjini. Kanisani waliniuliza naabudu nini humo ndani, nikawaambia ni mazoezi ya viungo, na wazee wawili wenye magoti mabovu wakajiandikisha. Maisha yakanyooka. Kila mwanafunzi aliponishukuru nilitamani kuondoka chumbani.

Mwaka huu muuguzi mmoja aliniuliza upole huu nilifundishwa na nani. Jumamosi yake nikaenda Igawa.

Rafiki yangu anauza mchele kando ya barabara kuu, amekalia kiti kirefu kwa sababu kigoda hakiwezi. Alinikaribisha kwa furaha, na hiyo iliniumiza zaidi. Nilimweleza yote, pamoja na kule kuruka. Akafunika mchele wake.

"Kumbe uliruka," akasema. "Nilisikia uzito, nikajua ndo dawa yenyewe. Sasa mbona unaniambia mimi? Twende kwa mjomba."

Tulitembea taratibu, kwa mwendo wake. Kwa miaka kumi na miwili hakuwa amekanyaga pale. Mjomba alikuwa uani anapepeta maharage, mzee sasa. Nikapiga magoti kumwamkia kama tulivyolelewa, na nikiwa hapo hapo chini nikasema kwamba niliruka. Aliniambia nirudie. Nikarudia.

Mzee aliweka ungo chini. "Mi dawa niliitumia," akasema. "Niliomba watu waje kwetu, basi. Alipoanguka nikajua imepitiliza, imemkuta mtoto. Nikachoma zote, ngoma nikaacha. Dada yangu aliponikataa nikaona ana haki. Miaka yote hii nalala nikijua mimi ndo nimemvunja mtoto wa dada."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakunitukana. Alimgeukia mpwa wake, akamuuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kumsogelea, naye akaenda. Wakashikana mikono. Kwetu hupigi magoti ukainuka mwenyewe. Unangoja mkubwa akuambie inuka. Nilibaki chini muda mrefu, na hakuna aliyeniambia.