Aina ya Tatu

Harufu ya mbaazi mbichi zikichemka siiwezi. Nikiikuta sokoni Karatu naongeza mwendo, na wanaonijua hunicheka. Kumbe inanirudisha kijijini Buger, jikoni kwa mama.

Mama alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa. Mwaka mmoja mvua ilibomoa daraja la korongo lililotutenga na shule, akaapa kwamba mimi na mdogo wangu Danieli hatutayavuka maji yale. "Mtasomea hapa hapa," akasema. Basi jiko likawa darasa, mlango ukawa ubao, nasi tukawa tunaandika kwa mkaa.

Hesabu alitufundisha, lakini alichokipenda hasa ni kutufundisha kufikiri. Tukimenya mbaazi, alitutupia swali: "Kondoo waliolala nje wameloa. Kondoo huyu ameloa. Je, alilala nje?"

"Ndiyo!" Danieli alipayuka.

"Umejuaje? Labda amevuka mto asubuhi."

Alitutaka tuyagawe mambo kwa aina, kisha tuziondoe moja moja mpaka ibaki iliyo kweli. Mimi niliushika mchezo ule upesi, na kichwa kikanivimba, jamani! Hata katekista, alipotusimulia habari za mbinguni, nilimwuliza amejuaje. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga, halafu akanituma nikaombe radhi.

Kisha akaugua. Alilazwa wiki tatu, baba akamrudisha amekonda mno, bila hata kidonge kimoja. Alipokwisha kumlaza, baba akatuita sebuleni.

"Mama yenu atapona," akasema.

Danieli akarukaruka. Mimi, mjuaji, nikadakia: "Baba, wanaorudishwa nyumbani bila dawa ni wa aina mbili tu: waliopona na walioshindikana. Mama hajapona. Kwa hiyo…"

Baba aliniangalia kama mtu aliyepigwa kofi. Hapo sauti ya mama ikatoka chumbani, nyuma ya pazia. "Paskalina, njoo."

Nilikwenda. Nilitaka aniambie nimekosea. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka hicho. Akanishika mkono. Wake ulikuwa wa moto.

"Umehesabu vibaya, mwanangu," akasema taratibu. "Kuna aina ya tatu. Wapo wanaorudishwa wapumzike kwanza, dawa zifuate."

Sikumwuliza amejuaje. Mimi niliyemsumbua katekista! Niliruka kwa furaha, nikakimbia kumweleza Danieli kosa langu, na jioni nikala ugali wa watu wawili.

Tulimzika Jumamosi iliyofuata.

Nilimkasirikia miaka mingi. Nilijiambia, yeye aliyetukataza kumeza neno bila ushahidi, mbona alinidanganya mchana kweupe? Nilikuja kumlalamikia baba majuzi tu, nami sasa ni mama wa watoto wawili. Mzee akasema kwamba siku ile mama alikuwa hajaambiwa kuwa hatapona. Daktari alimweleza baba peke yake, na baba alishindwa kulitamka neno hilo.

Mama alilisikia kwangu. Na katika zile hatua zangu chache za kutoka sebuleni mpaka kitandani kwake, alikuwa ameshanitafutia aina ya tatu.