Kola ya Panga la Ndege

Mke wangu huchora mapanga ya propela za ndege. Nikilisema hilo mbele ya wateja hudhani nawatania, maana mimi ni fundi cherehani na utani ndio chumvi ya duka langu. Lakini ni kweli tupu. Asubuhi hufunga koti lake la kijivu, hunywa chai akiwa amesimama ingawa viti tunavyo, kisha huyoo, kiwandani. Mimi hubaki na sketi za watu.

Panga la siku hizi si la mbao wala la chuma. Ni nyuzi za kaboni, nyeusi na laini kama nywele, zinazolazwa tabaka juu ya tabaka, zikalowekwa gundi na kuokwa kwenye tanuri mpaka ziwe kitu kimoja. Kwenye ukingo wa mbele, ule unaoukata upepo, hubandikwa utepe mwembamba wa chuma, kwa sababu hapo ndipo vinapopiga vijiwe ndege inaporuka kutoka kiwanja cha changarawe. Zamani utepe ukibonyea vibaya, panga zima limekwenda na maji. Gundi ilishika mno. Ukiung'oa utepe, unatoka na nyama ya panga. Wahenga walituambia tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Huu ulikuwa ufa usiokubali kuzibwa.

Nyuma ya kiwanda kuna banda la mapanga yaliyotupwa, mazima kabisa isipokuwa jeraha la ukubwa wa ukucha. Mke wangu hapendi kupita pale. Moja alikuja nalo nyumbani, tukalifunga ukutani juu ya cherehani yangu, nami nikapanga vidonge vyangu vya uzi juu yake. Sijapata kuwa na rafu imara kama hiyo.

"Usilisifu," huniambia. "Hilo lilitakiwa liwe angani."

Ndipo akachora panga lenye utepe unaobanduka. Chini ya chuma aliweka gundi ya aina nyingine, inayovumilia baridi na joto la safari, lakini ukiifunika kwa blanketi la umeme la karakana inalainika. Utepe unatoka, panga linabaki salama. Mkuu wa kiwanda, mtu asiyecheka hata akitekenywa, akampa sharti. Fundi wa kiwanja kidogo cha ndege, ambaye hajawahi kuliona panga hilo, abandue utepe na kubandika mwingine kwa vifaa vyake mwenyewe, kisha panga lizungushwe kwa kasi kubwa kuliko ya safari yoyote. Likifaulu, litatengenezwa. Lisipofaulu, michoro irudi kabatini na banda la nyuma liendelee kujaa. Kazi yake ya miaka ikawa inaning'inia kwenye utepe mmoja.

Fundi aliyeletwa aliitwa Taratibu, na jina lilimkaa kisawasawa. Alitandika blanketi, akangoja, akapenyeza kisu cha plastiki chini ya utepe. Ukatoka vizuri, ukatoka, ulipokaribia ncha ya panga ukagoma. Akaongeza joto. Wapi! Alipovuta, ulitoka na mabonge meusi ya panga. Mke wangu alikuwa amekatazwa kutia neno, akasimama mikono nyuma kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Nakupa nafasi moja tu," mkuu akamwambia. "Mwezi ujao."

Jioni aliingia nyumbani bila salamu, akaketi kwenye kiti cha wateja, akanisimulia yote hayo. Nikaendelea na kazi iliyokuwa mkononi, kugeuza kola ya shati la mwalimu mmoja. Kwenye shati kola ndiyo huchakaa kwanza. Ukiifumua ukaigeuza, upande mpya ukaja juu, shati linaanza maisha upya. Shati lenyewe nililishona mimi. Nikafumua vizuri mpaka kwenye ncha, nikakuta uzi umepigwa mara tatu, mmoja juu ya mwenzake. Nikavuta. Kitambaa kikachanika.

Nilitukana. Maneno yenyewe siyaandiki, nina wakwe.

Mke wangu akainua kichwa. "Nani kashona hivyo?"

"Mimi."

"Mara tatu za nini?"

"Niliogopa ncha isije ikaachia."

"Tangu uanze kazi, kola ya nani imewahi kuachia?"

Nikafikiri. "Hakuna."

Akaanza kucheka, cheko la machozi, mpaka nikaingiwa na wasiwasi. "Baba watoto," akasema, "hata mimi ndivyo nilivyofanya. Pale kwenye ncha niliongeza ile gundi ya zamani, upana wa kiganja tu. Hesabu zilisema haihitajiki. Tangu utepe ulipogoma najua tatizo ni hapo, na njia nzima nimekuwa nawaza nibadilishe kisu, niongeze joto, chochote kile, ila nisiitoe."

"Kwa hiyo unaitoa?"

"Naitoa."

"Na huogopi?"

"Naogopa sana," akasema, akaenda kunawa mikono tule.

Wateja nimewaambia kwamba panga lile nimelibuni mimi. Yeye husema alichopata kwangu ni matusi. Ubishi huo hauna mwisho, nasi hatuna haraka nao.

Mwezi ulipofika, Taratibu alirudi. Safari hii utepe ulitoka mzima, kama ganda la yai lililochemshwa vizuri. Akabandika mpya, gundi ikaachwa ishike, na siku ya kuzungusha nikafunga duka nikaenda kushuhudia. Mlinzi wa getini nilimshonea suruali, na mtu hamsahau fundi wa suruali iliyomkaa.

Panga lilifungwa kwenye mtambo nyuma ya kioo kinene. Mngurumo ukapanda, ukapanda tena, mpaka nikausikia kwenye meno. Mke wangu alishika mkono wa shati langu akaufinyanga wote. Mtambo ulipozimwa, Taratibu alipitisha kidole kwenye utepe, kutoka shina hadi ncha, kwa mwendo wake uleule, nikatamani kumsukuma.

"Haujasogea," akasema.

Mkuu akacheka. Mke wangu anasema alikohoa. Mimi nilikuwepo, nasema alicheka.

Tuliporudi nyumbani nilimtazama akivua koti. Kola ilikuwa imechakaa mpaka nyuzi zinachungulia, na mumewe fundi cherehani! Mganga hajigangi, lakini nikaona aibu.

"Lete hilo koti."

Akaniletea. "Ncha piga mara moja tu."

"Ikiachia?"

"Si utashona tena?"

Nikafumua, nikageuza, nikafika kwenye ncha. Nikapiga mara moja, nikakata uzi kabla mkono haujaleta ukaidi wake. Asubuhi alilivaa, akanywa chai akiwa amesimama, akatoka. Nilisimama mlangoni nikamsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona. Kola ilikuwa mahali pake.