Gamba Nyuma ya Cherehani

Majirani walimwita Mama Vipande, na jina likamkaa. Alikuwa fundi cherehani, na kitambaa kilichodondoka kutoka kwenye mkasi wake hakikutupwa hata kingekuwa kidogo kama kiganja. Vyote viliingia kwenye viroba nyuma ya cherehani, pale sebuleni, vikisubiri siku atakayopata nafasi ya kushona mito. Siku hiyo haikufika. Viroba vilizidi kupanda mpaka vikaziba nusu ya dirisha.

"Umetujengea ukuta wa pili," mumewe alimtania. "Bado plasta."

Binti yao alikuwa amerudi nyumbani na mtoto mchanga, kwa kuwa mume wake alikuwa kwenye kazi za ujenzi mji mwingine. Wakwe walimwita akakae kwao, na Mama Vipande alijua kwamba mjukuu akishakwenda huko, yeye atabaki kumwona kwenye picha za simu. Tatizo ni kwamba binti alikuwa mwepesi wa kushtuka. Mjusi alipodondoka darini akatua juu ya chandarua cha mtoto, alilia. Kenge alipopanda kutoka mtaroni akachungulia bafuni, alitoka mbio na sabuni usoni.

"Mama, sikufichi," alisema akijifuta. "Mnyama mmoja zaidi ndani ya nyumba hii, mimi na mwanangu tunakwenda kwa wakwe."

"Masikini kenge wa watu, alitaka kuoga tu."

"Basi aoge peke yake."

Siku chache baadaye Mama Vipande alikuwa anafagia chini ya cherehani. Ufagio ukavuta kitu chepesi kilichochakarika. Alidhani ni mfuko wa plastiki, mpaka alipokiinua. Lilikuwa gamba la nyoka, jepesi kama karatasi ya patroni ya kukatia nguo, limekauka. Mikono yake haikujua kufanya kingine, ikachukua futi na kulipima. Futi ikaisha, gamba bado linaendelea.

"Mama, mbona unahema hivyo?" binti aliuliza kutoka chumbani.

"Vumbi, mwanangu."

Alilikunja gamba kama kitambaa, akalisokomeza ndani ya kiroba cha chini kabisa, akaketi, akakanyaga pedeli bila kitambaa ili cherehani isikike.

Tangu hapo hakuna kilichokuwa salama machoni pake. Mkanda wa mumewe ulioanguka kitini ulimrusha. Waya wa pasi aliuzunguka kwa mbali. Mtoto akilala mchana, yeye alihamisha kiti mlangoni pa chumba na kushona kwa mkono, macho sakafuni, hadi mteja mmoja akarudisha shati.

"Fundi, hii kola inatazama wapi?"

Lakini aliyemshuku kuliko wote ni wifi yake, dada wa mumewe aliyeishi nao, aliyekuwa akipika kwa mkaa na kuacha mlango wa jikoni wazi.

"Wifi, huo mlango unamwachia nani?"

"Moshi."

"Na moshi ukitoka, kinaingia nini?"

"Upepo. Wifi, una nini siku hizi? Unanichunga kama nimekuibia."

Mama Vipande aliufunga mlango mwenyewe. Angemwambia wifi, mtaa mzima ungejua kabla ya chakula cha mchana. Angemwambia mumewe, angecheka kwa sauti na binti angesikia. Kwa hiyo alibaki na siri yake. Ila kila alipomfunika mtoto, alikung'uta shuka kwanza.

Siku ya kliniki, binti na shangazi yake walipotoka na mtoto, Mama Vipande alisaga chaki zake za kuchorea nguo zikawa unga. Akaunyunyiza kizingitini pa jikoni na sebule nzima, kisha akaacha mlango wa jikoni wazi kama alivyozoea wifi, akafunga wa mbele, mumewe akiwa amelala chumbani, akapeleka sare za shule kwa mteja. Alitaka ushahidi wa kumfunga wifi mdomo.

Aliporudi, unga wa kizingitini ulikuwa haujaguswa. Sebuleni kulikuwa na mburuzo mpana, umejipinda kuelekea mlango wa chumba, ukafika karibu kabisa na mkeka wa mtoto, ukageuka. Aliufuata kwa macho mpaka ulipoishia: kwenye viroba vyake. Hakuna aliyekuwa akiingia. Nyoka alikuwa mkazi wa viroba hivyo, na Mama Vipande mwenyewe alikuwa amemrudishia gamba lake kama nguo.

Mlango wa mbele ukasukumwa; binti na shangazi yake walikuwa wamerudi kutoka kliniki. Bado angeweza kufagia, akasema ni vumbi.

"Usiingie!" alipiga kelele. "Baki nje na mtoto. Kuna nyoka."

Mumewe, mlinzi wa ghala, aliamka kutoka usingizi wa zamu ya usiku, akachukua mpini wa fagio la dari, akavuta viroba kimoja kimoja hadi uani huku akicheka. Kiroba cha mwisho kilipopasuka, panya walitawanyika, na nyuma yao akatoka chatu mnene kama mkono wa mtu, akapita taratibu, akaingia mtaroni. Kicheko kiliisha. Mlinzi wa ghala alikuwa amesimama juu ya karo la kufulia, ameshika mpini kama bendera.

"Mlango wangu wa jikoni je, wifi?" aliuliza wifi.

"Nisamehe, wifi yangu."

Binti hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa anatazama gamba lililokunjwa kama kitambaa, likichungulia kwenye viraka. "Mama, ulijua."

"Nilijua. Niliogopa utaondoka naye."

"Na mwanangu alikuwa analala pale chini!"

Mama Vipande alinyoosha mikono ampokee mtoto. Binti alimbadilisha mtoto bega, akautazama mtaro, kisha viroba. "Vyote vichomwe leo. Kikibaki kimoja, ninakwenda."

Vilichomwa, na binti akabaki. Lakini sasa ndiye anayeinama kila asubuhi kuchungulia chini ya cherehani, kisha humgeukia mama yake.

"Na hicho mfukoni?"

"Kitambaa tu, mwanangu. Kidogo."

"Kitoe."

Naye hukitoa.